Kazi Yangu Ilikuwa Amina

Nyumbani kwetu mke wangu ndiye aliyeomba kabla ya chakula, na mimi niliitikia Amina. Hatukupanga hivyo. Siku za kwanza za ndoa nilijaribu kuomba mimi, kwa sababu katika mafundisho ya ndoa tuliambiwa kwamba mume ndiye anayeongoza sala ya nyumba. Nikasema haraka maneno niliyoyajua tangu utoto, nikanyoosha mkono kwenye bukari. Yeye alibaki amefumba macho.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Njo sala yote, vile tu?"

Akaanza ya kwake. Tangu siku hiyo sikuomba tena mbele ya sahani. Niliitikia tu.

Sala yake ilikuwa ndefu na ilianzia kwenye kile kilichokuwa mbele yetu. Alimshukuru Mungu kwa bukari, ule ugali wetu wa mahindi na muhogo, kisha kwa mvua iliyoyanyeshea mahindi, kisha kwa mwenye mashine aliyeyasaga na kwa umeme uliokuwepo siku hiyo. Alishukuru kwa sombe, yale majani ya muhogo, kwa mafuta, kwa makala, yaani makaa, na kwa miti iliyogeuka makala. Alishukuru kwa mbabula iliyopika, na hapo alikuwa akinitaja mimi, kwa kuwa mimi ni fundi wa bati. Natengeneza majiko ya makala tunayoyaita mbabula, pamoja na ndoo na beseni. "Na kwa fundi wake," alikuwa akisema, "hata kama anapenda kula kabla ya Amina." Mwisho alifika kwenye chumvi, baada ya chumvi maji, na baada ya maji hakuwa tena na kitu cha sahani. Hapo sauti yake ilishuka kidogo, akasema maneno yale yale kila siku: "Na kupita vyote, tunakushukuru kwa damu ya Mwana wako, ile hatukuilima, hatukuinunua, hata kuiomba hatukuiomba, na ulitupa."

Alinyamaza, na hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu.

"Amina," nilisema, na bukari ilikuwa imepoa.

Nilimtania sana juu ya hilo. Nilimwambia kwamba Mungu mwenyewe ana kazi nyingine, hawezi kukaa kusikiliza habari za chumvi. Yeye alijibu kwamba aliyeiumba chumvi hachoki kusikia jina lake. Hakucheka aliposema hivyo. Aliamini.

Hatukupata watoto. Siku moja, tukiwa bado vijana, nilikuwa na hasira, na alipomaliza kushukuru kwa kila kitu nilimwuliza: "Na watoto? Kwa watoto unamushukuru nini?" Nilifikiri atalia. Alinimegea tonge, akaliweka upande wangu wa sahani.

"Kile kiko, ninakishukuru," alisema. "Kile hakiko, ninamuuliza mbali, saa ingine. Sichanganyi."

Sikujua aliuliza saa ngapi. Labda alipokuwa akifua.

Aliumwa tumbo katika majira ya baridi, wakati upepo wa Lubumbashi unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati. Hospitalini nilikuwa nikimpelekea uji kwenye kopo nililolifunga kwa kitambaa usipoe. Hata pale aliomba. Alikuwa hana nguvu ya kukaa, lakini aliomba, akishukuru kwa uji, kwa mtama, kwa sukari, kwa kopo. Wagonjwa wa vitanda vya karibu walimzoea, wakawa wanamsubiri amalize ndipo nao wale.

Siku ya mwisho aliyoweza kusema alianza vizuri. Alipita uji, akapita makala. Alifika kwenye chumvi, ingawa uji ule haukuwa na chumvi. Nadhani alikuwa amerudi nyumbani katika mawazo yake. "Na kwa chumvi," alisema. Akanyamaza. Nilisubiri. Nilikuwa na kijiko mkononi na Amina yangu ilikuwa tayari mdomoni. Nilifikiri anavuta pumzi. Kumbe amelala. Nikafunika kopo. Kesho yake asubuhi, kabla sijafika, aliondoka.

Kwa hiyo sala ile haikumalizika, na Amina ile sikuisema.

Mtu anayesoma anaweza kusema ni jambo dogo. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, siwezi kulieleza kwa maneno makubwa. Lakini katekista aliyetufundisha utotoni alituambia kwamba Amina maana yake ni hii: ni kweli, nami nakubali. Miaka yote nilisema hivyo nyuma ya mke wangu. Yeye ndiye aliyetafuta maneno, mimi nilitia sahihi. Sasa aliyetafuta maneno hayupo. Nilipojaribu kusema ni kweli, nami nakubali, nilijiuliza: nakubali nini? Na mimi nikiwa sina jibu, huwa sisemi.

Nilianza kula nimesimama. Nilikuwa napika bukari ndogo, nachukua sufuria, nakula pale pale jikoni uani nikiwa nimeegemea ukuta. Nilikuwa najiambia kwamba mtu akila amesimama si meza, ni kama kuonja tu, haihitaji sala. Mara nyingi niliacha hata hiyo, nikala mkate na maharage kwa mama mmoja anayeuza karibu na karakana yangu, huku nikishika nyundo kwa mkono wa pili ili nionekane nina kazi. Kiti chake cha plastiki nilikiweka juu ya kabati. Baadaye nilikiteremsha, kwa sababu kila nilipoingia ndani nilikiona kikiwa juu kule, na ilikuwa vibaya zaidi.

Mvua za kwanza zilikuja. Baada ya mvua kubwa ya usiku, asubuhi inswa walitoka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, wale kumbikumbi wenye mabawa, wengi kama moshi, na mtaa wote ukatoka na mabeseni, mengine niliyatengeneza mimi. Mke wangu alikuwa akiwangojea inswa mwaka mzima. Alikuwa akisema kwamba nyama nyingine Mungu aliziacha watu wazifuge na kuzikimbiza, lakini hii aliirusha mwenyewe hewani mpaka mlangoni. Nami niliokota, nikakaanga, nikala nikiwa mlangoni. Walikuwa watamu. Nilijua kwamba ni watamu. Sikusema kitu kwa mtu yeyote.

Kanisani ndiko ilikokuwa ngumu zaidi. Nilienda kila Jumapili, sikuacha hata moja. Lakini padri anapoinua hostia na kusema "Mwili wa Kristo," mtu hujibu Amina ndipo apokee. Mimi nilibaki kwenye benchi. Watu wa mstari wangu walinipita wakisema samahani, magoti yangu nikiyageuza upande, kisha walirudi na mikono wamekunja, nikageuza magoti tena. Wakati wa Kwaresima ulinifaa, kwa sababu hakuna wimbo wa Utukufu, ngoma zinapumzika, na kanisa zima lilikuwa limenyamaza pamoja na mimi. Pasaka ilipofika, kengele zikapigwa, ngoma zikarudi, watu wakacheza mahali pao wakiimba kwamba kifo kimeshindwa. Nilisimama kwa sababu kila mtu alisimama. Nilifikiri: kwangu hakikushindwa, kilichukua na kikaenda zake. Sikuona aibu kufikiri hivyo mbele ya Mungu. Niliona aibu mbele ya yule aliyekuwa anacheza pembeni yangu kwa furaha, nami nimesimama kama mti.

Mtu asipopokea komunyo kwa muda mrefu, watu wetu wanajua sababu moja tu. Mama anayeongoza shirika letu, yaani familia za mtaa zinazokutana kila juma kusali uani kwa mmoja wao, alikuja kunitembelea. Alikaa, akakataa maji, akapanga kikwembe chake cha kitenge magotini.

"Baba, unisamehe. Minakuja kama dada yako."

"Karibu, mama."

"Bantu banasema." Akatazama mlango wa chumba. "Kama mule ndani iko mama mwingine, useme tu. Tutatafuta njia ya kubariki ile mambo. Mungu haiko mukali vile."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, na kicheko kiliniuma kifuani kama kikohozi.

"Mama, humu hata paka hayuko."

Hakuniamini mara moja. Aliinuka, akajifanya anatafuta maji aliyokuwa ameyakataa, akaenda mpaka kwenye kabati. Akaona sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine.

"Sasa ni nini, baba?"

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya uji na chumvi, na kwamba siwezi kusema Amina.

"Amina? Ile neno kidogo vile?"

"Ndilo nililokuwa nalo, mama. Mengine yote yalikuwa yake. Hilo moja likiwa la uongo, sibaki na kitu."

Nilifikiri ataniletea maneno ya kitabu, lakini hakuleta.

"Basi ukae," alisema. "Bwana Yesu anakuona pale ku benchi." Alipofika mlangoni aligeuka. "Lakini bantu nabo banakuona."

Majira ya baridi yaliporudi, watu wa ukoo wa mke wangu walikuja kuondoa matanga. Wengine walitoka kaskazini, walikozaliwa baba zao kabla ya kuja kufanya kazi kwenye reli. Wengine walitoka Mokambo, mpakani. Asubuhi tulikuwa na misa ya shukrani. Niliketi kwenye benchi la mbele, mahali pa mfiwa, na hata hapo, mbele ya ukoo wote, sikwenda kupokea. Shangazi yake mmoja alinigusa kwa kiwiko. Nilitikisa kichwa. Nilihisi macho yao shingoni mwangu mpaka baraka ya mwisho.

Tuliporudi uani wakanivua kitambaa cheusi, wakanivalisha shati jipya. Masufuria yalikuwa motoni. Ndipo akaingia mjukuu.

Kwetu Katanga mjukuu ana ruhusa ambayo mtu mwingine hana. Kwenye msiba anaweza kumcheka marehemu, kumwigiza, kuvaa nguo zake, na hakuna anayeweza kumkataza. Wengine kazi yao ni kulia, yeye kazi yake ni kuchekesha. Huyu alikuwa mjukuu wa dada mkubwa wa mke wangu, mwanamke mzima, mnene, mfanyabiashara wa Mokambo. Mazishini hakufika kwa sababu siku zile alikuwa amejifungua. Kwa hiyo alikuja kufanya kazi yake sasa.

"Bwana yangu!" alinipigia kelele tangu langoni, kwa kuwa mjukuu humwita kambo, yaani babu, mume wake. "Umekonda! Bibi mukubwa ameenda, na bibi mudogo ulisahabu? Mimi niko Mokambo, ninangoja, ninangoja!"

"Uko na mume kule," nilisema.

"Yule? Yule ni wa kulinda nyumba tu."

Watu wakacheka. Akaingia ndani bila kuomba ruhusa, akatoka amevaa kikwembe cha marehemu, na miwani yake imekaa kwenye ncha ya pua. Alikuwa amebeba kile kiti cha plastiki. Akakiweka katikati ya uwanja, akaketi polepole akishika kiuno, vile vile hasa, mpaka shangazi yule wa kiwiko akafunika mdomo. Akaomba sahani. Wakampa sahani ya bukari. Akafumba macho.

"Bwana Mungu," akaanza, kwa sauti ya mke wangu, "tunakushukuru kwa hii bukari."

Kicheko kilipasuka. Akafumbua jicho moja.

"Na weye, toa mukono ku sahani! Mungu hayamaliza kusikia."

Akaendelea. Akashukuru kwa mvua. Akashukuru kwa mwenye mashine, na kwa umeme, "hata kama ilikuja jana na leo imeenda." Akapita sombe na mafuta. Alipofika kwenye makala alipiga miayo kama mtoto mwenye njaa, akajikemea mwenyewe kwa sauti ya bibi, akaendelea. Watu walikuwa wanajifuta machozi kwa kucheka. "Kwa hii mbabula, na kwa fundi wake, hata kama anapenda kula kabla ya Amina," na wote wakanigeukia mimi.

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nahesabu kilichobaki. Nilijua anakoelekea.

"Na kwa chumvi," alisema.

Hakujua. Hakuna aliyekuwepo pale aliyejua, isipokuwa yule mama wa shirika, ambaye alikuwa amesimama karibu na masufuria na mwiko mkononi. Mjukuu alilamba kidole, akakichovya kwenye bukari, akakitazama, watu wakacheka tena. Na mimi nilikuwa pale pale kando ya kitanda chake, na kijiko na kopo.

Kisha akaendelea.

"Kwa maji," alisema, "ya mvua na ya bomba, kama ingali inatoka." Halafu sauti yake ikashuka, kwa sababu sauti ya bibi ilikuwa ikishuka hapo, na mwigizaji mzuri haachi kitu. "Na kupita vyote, tunakushukuru kwa damu ya Mwana wako, ile hatukuilima, hatukuinunua, hata kuiomba hatukuiomba, na ulitupa."

Akanyamaza. Aliacha nafasi ile ile.

"Amina," nilisema.

Haikuwa kwa nguvu. Kicheko kiliendelea kidogo upande wa wanaume waliokuwa mbali, kisha nacho kikaisha.

"Eh!" alisema mjukuu. "Bwana yangu ameitika!" Alikuwa anataka kuongeza utani mwingine, ndipo akaniona uso. Akavua miwani. Mjukuu haruhusiwi kulia kwenye matanga, na hakulia, lakini aliyasafisha yale macho ya miwani kwa kikwembe muda mrefu.

"Nilimaliza muzuri?" aliniuliza, sasa kwa sauti yake mwenyewe.

"Umemaliza."

"Siku zile tulikuwa tunakuja hapa tungali batoto, kambo, nilikuwa na njaa. Njaa ya kweli! Njo maana ninaijua yote, mpaka mwisho."

"Tukule," alisema yule mama wa shirika kwa sauti kubwa, na watu wakashukuru kupata la kufanya.

Nilikula nimeketi.

Walipoondoka wote, kesho yake, nilikaa karakanani bila kupiga bati. Nilijiuliza kama Amina iliyosemwa kwenye mchezo ni Amina. Sipendi kujidanganya, kwa hiyo nililigeuza jambo hilo pande zote kama ninavyoligeuza bati kabla ya kulikata. Nilikuwa nimeogopa mwaka mzima kwamba nikifungua mdomo nitasema uongo. Lakini pale uwanjani sikupata hata nafasi ya kuchagua. Ilitoka yenyewe, kama mkono unavyotoka kumshika mtu anayejikwaa. Mtu hawezi kusema uongo kwa haraka namna ile. Niliona basi kwamba nilikuwa nakubali muda wote, ila nilichanganya. Nilitaka kwanza nijibiwe kwa nini ameondolewa, ndipo nishukuru kwamba nilipewa. Yeye hakuchanganya.

Jumapili iliyofuata niliingia kwenye mstari. Mbele yangu kulikuwa na mwanaume mwenye mtoto begani, na mtoto alinikazia macho njia yote. Padri alisema, "Mwili wa Kristo." Nilisema Amina kwa sauti ndogo sana, sijui kama alisikia. Nilipokuwa narudi, mama wa shirika aligeuka kunitazama, kisha akajifanya anafunga vizuri kilemba chake.

Sikurudi nimejaa furaha. Ningependa kuandika hivyo, lakini haikuwa hivyo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikafungua kufuli, na nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha. Nikawasha mbabula. Nikapika bukari na dagaa ambao mjukuu aliniachia. Nikaweka sahani mezani, nikaketi kwenye kiti changu, na kile cha plastiki kikiwa mahali pake upande wa pili. Nikafumba macho.

Kwanza sikujua pa kuanzia. Halafu nikaanza na bukari, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu. Nilishukuru kwa mahindi na kwa mvua. Nilishukuru kwa inswa ambao sikuwashukuru walipokuja. Nilishukuru kwa dagaa, kwa ziwa walikotoka, ambalo sijawahi kuliona, na kwa mwanamke mnene wa Mokambo. Nilishukuru kwa chumvi. Nilishukuru kwamba Mungu, akiwa na udongo wote huu mwekundu mkononi mwake, aliona vema kumfanya mtu kama yule, na kumweka kwangu, ambaye sikujua hata kuomba. Na nilipofika mwisho nilitaka kusema maneno yake, lakini yalikuja mengine, nikayaacha yaje. Nilisema: Bwana Yesu, kama tungekuwa watu wasiokufa, usingekuja. Ulikuja kwa sababu ya vitanda kama kile cha hospitali. Ulishuka mpaka pale ambapo sauti yake iliishia, na wewe hukuishia pale. Kwa hilo nakushukuru. Lile jingine nitakuuliza mbali.

Nikanyamaza. Niliacha nafasi, kwa mazoea ya kuwa pale huwa kuna mtu. Nilisikia makala yakipasuka nje, na redio ya jirani. Nafasi ilikuwa ndefu. Kisha nikaitikia mwenyewe, kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimwitikia yeye.

Nilipofumbua macho bukari ilikuwa imepoa. Nikaila hivyo hivyo.